Kilichopita Bandarini

Nina kitendawili, na atakayeshindwa asinipe mji, mji mimi ninao. Anipe Sisilia nzima na machungwa yake. Kaja na meli wala hana miguu. Tumempiga, tumemkanda, tumemtia motoni, na kila asubuhi tunapiga magoti kumwomba Mungu atuletee tena. Nani huyo?

Ngano, wanangu. Ninyi mnadhani mkate wa Malta umeota Malta. Kisiwa chetu ni jiwe na jua. Tangu mimi mtoto ngano tunaletewa. Enzi hizo meli zilileta vya kushiba tu: ngano, sukari, mafuta ya taa, nyama ya kopo. Hata magunia hatukuyatupa. Mama yangu aliyakata akatushonea nguo za ndani, na yale maandishi hayakutoka kwa sabuni yoyote. Nilipokea komunyo ya kwanza kwa juu nikiwa malaika, na makalioni nimeandikwa Unga Safi, Daraja la Kwanza.

Ukitaka kukisifu kitu siku hizo, ulisema neno moja: cha nje. Kiatu cha nje, kitambaa cha nje. Hata daktari aliyesomea Uingereza alikuwa daktari wa nje, na watu waliugua kwa furaha ili awapime.

Kisha ikaja serikali iliyotaka tujitengenezee vyetu. Dawa ya meno ya nje ikapigwa marufuku, chokoleti ya nje nayo vivyo hivyo. Tukatengenezewa ya hapa hapa. Sitaki kuisema vibaya, watu walijitahidi, ila ulikuwa ukiitafuna unajiuliza kama kuna mshumaa umepungua kanisani. Basi watu wakawa wanavuka kwa meli kwenda Sisilia. Wanakwenda wembamba, wanarudi wanene. Dada yangu Salvina alirudi Agosti moja amejifunga chokoleti mapajani chini ya gauni, na foleni ya forodha ikamweka juani. Alipofika mbele alikuwa anachuruzika mpaka kwenye viatu. Afisa akamtazama usoni, akatazama chini, akasema, “Mama, pita. Pita haraka ukaoge.”

Leo mambo yamekaa kichwa chini miguu juu. Dukani kitunguu saumu kimetoka China, viazi vimetoka Misri, na viazi vyetu vizuri vinapakiwa kwenda Uholanzi, sijui vikipishana na hivyo vingine baharini vinasalimiana vipi. Sasa sifa imehama. Ukitaka kukitukuza kitu unasema cha hapa, na muuzaji anakitenga peke yake kwenye kikapu kama askofu.

Anayejua habari hizi kuliko wote, au anayejidai kuzijua, ni shemeji yangu Grezzju, mume wa Salvina. Alikuwa na duka karibu na kanisa. Ameshastaafu, lakini ukipita na kikapu lazima akichungulie na kukwambia kila kitu kimeshuka na meli gani. Tena ndiye mwenyekiti wa Bendi ya Bluu. Kijiji chetu kina bendi mbili, Bluu na Nyekundu. Mtakatifu ni mmoja, Mungu ni mmoja, lakini bendi mbili, na mtu wa huku haoi huko bila familia mbili kununiana. Marehemu mume wangu Wistin alipuliza bombadoni, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, la Bendi Nyekundu maisha yake yote. Roshani ya nyumba yetu aliichonga kwa mkono wake mwenyewe, akaacha tundu la mti wa bendera, na humo haijawahi kuingia rangi nyingine.

Ugomvi ulianzia mezani kwa mjukuu wangu Stefanija, tukipanga siku ya kuchagua ya mwanawe Indri. Kwetu mtoto akitimiza mwaka anawekwa sakafuni mbele ya sinia lenye vitu, na kitu atakachoshika kwanza ndicho kinachosema atakuwa nani. Akishika kalamu, ni karani. Akishika rozari, ni padre, na mama yake analia jikoni.

“Tumwekee vitu vyetu,” nikasema. “Vya hapa.”

Grezzju akacheka mpaka masharubu yakapepea. “Vya hapa! Marjanna, shemeji yangu, hapa pana nini? Mawe na makelele.”

“Makelele ni wewe.”

“Taja kitu kimoja. Kimoja tu!”

“Rozari.”

Stefanija akaichukua rozari yangu, akaigeuza, akasoma nyuma ya msalaba, akairudisha mezani taratibu. “Bibi,” akasema, “imetoka mbali kuliko Mamajusi.”

“Kanuni ni rahisi,” Grezzju akasema, akijinyoosha kama yuko jukwaani. “Kilichopita bandarini ni cha nje. Basi. Mimi nitaweka vyangu vya nje, wewe weka vyako vya hapa, kama utavipata. Mtoto akishika cha hapa, natundika bendera nyekundu kwangu, wiki nzima ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Akishika cha nje, ya bluu inakaa kwenye roshani ya Wistin.”

Salvina akasema, “Grezzju, mwache mjane wa watu.”

Lakini ulimi wangu ulishajibu ndiyo kabla kichwa hakijaulizwa. Usiku huo nilipita chini ya roshani ile nikashindwa kuinua macho. Bluu! Wistin angefufuka kabla ya siku yake, tena si kwa utukufu.

Nikaanza kutafuta. Nyanya nilizozipapasa sokoni zilikuwa na kibandiko cha Sisilia. Nikachukua chumvi ya Gozo, kisiwa ndugu yetu, pale mnapopaona kwa macho. Grezzju akanikuta njiani, akachungulia.

“Hii imekuja na nini?”

“Na feri. Lakini Gozo ni kwetu!”

“Feri inatia nanga wapi, shemeji?”

Nikaifunika chumvi kwa kitambaa.

“Sema tu. Inatia nanga kanisani?”

“Bandarini,” nikasema.

“Haya. Mpe mbuzi alambe.”

Nikapata yai la kuku wa jirani. Grezzju akadai kuku yule anakula mahindi ya nje, tukabishana barabarani mpaka watu wakafungua madirisha, na mwishowe tukaenda kwa padre. Padre wetu ni Padre Tomasi, ametoka Kerala kule India, na Kimalta chake kimenyooka kuliko cha diwani wetu. Tulimkuta anamwagilia maua.

“Mahindi yamepita bandarini,” akaamua. “Yai halikupita. Yai ni la hapa.”

“Padre ni wa Nyekundu!” Grezzju akafoka.

“Mimi ni wa Roma, Bwana Grezzju.”

Basi nikawa na yai, na kijiwe laini alichokuwa akikichezea Wistin mfukoni, na tawi la zeituni la uani kwangu. Nikavitazama vitu vyangu mezani, nikaona aibu. Vilikaa kama wakimbizi. Mtoto gani mwenye akili atashika tawi? Ndipo nikachukua asali ya mizinga ya mpwa wangu, asali ya hapa kabisa, nikalipaka yai. Nikapaka tena. Hakuna aliyesema yai lisipakwe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya misa. Nyumba ilijaa, Nyekundu wamekaa upande wa dirisha, Bluu upande wa mlango, na pastizi, sambusa zetu za jibini, zinapita katikati kama mabalozi. Stefanija akaweka sinia sakafuni. Vya kwangu kushoto. Kulia, Grezzju akapanga vyake: chokoleti yenye karatasi ya dhahabu, simu ya kuchezea, na tarumbeta la plastiki la bluu, bluu ile ile ya bendi yake, lenye taa na kitufe.

“Hilo ni hongo,” nikasema.

Akainama akalinusa yai langu. “Na hili limeoga marashi?”

“Mwekeni mtoto!” akasema Padre Tomasi.

Indri akawekwa. Akakaa kitako kwanza, akatutazama wote kama hakimu aliyechoka. Kisha akaanza kutambaa. Akaja kushoto, kwenye vyangu. Akalinusa yai. Nzi akatua kwenye ile asali, Indri akamtazama nzi, mkono ukanyooka.

Grezzju hakuvumilia. Akabonyeza kitufe.

Lile tarumbeta lilipiga kelele ambayo sijaisikia tangu ving'ora vya vita. Taa zikawaka nyekundu na kijani, Indri akaruka, akapasua kilio, nusu ya chumba ikaziba masikio. “Zima! Zima!” Stefanija akapiga kelele. Grezzju akapiga magoti, anabonyeza, halizimi, anabonyeza, ndiyo kwanza linaimba zaidi. Na Indri, kwa hofu, akajitupa mbele akakamata kitu cha kwanza kilichokuwa karibu. Alikamata masharubu ya Grezzju. Kwa mikono miwili. Akaning'inia.

“Atakuwa kinyozi!” mtu akapaza sauti, na nyumba ikaanguka kwa kicheko.

Grezzju, machozi yakimtoka, akasema, “Haihesabiki! Nitoeni huyu!”

“Inahesabika,” akasema Padre. “Desturi ni atakachoshika kwanza. Ameshika Bwana Grezzju.”

Nikasimama upesi kuliko magoti yangu yanavyoruhusu. “Basi nimeshinda! Grezzju ni wa hapa! Nani asiyejua? Kila siku anatuambia babu yake alichonga mawe ya kanisa!”

Nyekundu wakapiga makofi. Hapo dada yangu Salvina, ambaye hana hila hata ya kumdanganya paka, akaona mumewe anashindwa, akataka kumwokoa.

“Ngojeni kwanza!” akasema, uso umemng'aa. “Grezzju, si umeshinda wewe! Umesahau? Wewe umezaliwa Aleksandria! Umeshuka na meli na mama yako, umeshika sanduku, unalilia maharage ya Misri! Umepita bandarini!”

Kicheko kilikatika kama mtu amefunga bomba.

Na mimi nikakumbuka. Nilikuwa msichana mdogo ziliporudi zile familia za Wamalta zilizokuwa zimehamia Misri, na kulikuwa na mtoto mwembamba ambaye wenzake walimwita Mmisri, akawapiga ngumi mmoja mmoja mpaka jina lenyewe likaogopa kutajwa. Alikuja kuwa muuza duka, akawa mwenyekiti, akawa mtu wa kuwaita wa nje hata watu wa kijiji cha pili. Tukasahau sote. Yeye hakusahau, hilo nililiona usoni pake wakati Stefanija anamfungua Indri vidole.

Lakini na mimi nilikuwa na langu. Nikaiona akilini roshani ya Wistin, na bluu inapepea.

Watu wa Bluu walielewa haraka. “Mwenyekiti, sema ukweli!” wakamhimiza. “Umepita bandarini! Tumeshinda!”

“Wa nje huyo!” akapaza sauti kijana mmoja wa ngoma kwa furaha. “Mwenyekiti wetu wa nje kabisa!”

“Nyamaza wewe!” Grezzju akasema.

Padre Tomasi akakohoa. “Kanuni ni yako, Bwana Grezzju. Ulipita bandarini au hukupita?” Kisha akaongeza kwa upole, “Mimi mwenyewe nimeshuka na ndege, uwanja wa ndege. Kwa kanuni hiyo bandari siijui. Mimi ni wa hapa.”

Tukamtazama kwanza. Halafu tukacheka wote, hata waliokuwa wamenuna. Wote isipokuwa Grezzju. Alikuwa anapapasa masharubu, anatazama watu wake wa Bluu waliokuwa wanamwonyesha vidole viwili vya ushindi.

“Grezzju mume wangu,” Salvina akamnong'oneza, na kunong'ona kwa Salvina kunasikika mtaa wa pili, “sema ndiyo tu, wa kutundika bendera ni wao, si wewe.”

“Bandari gani?” Grezzju akasema. “Sikumbuki bandari. Mimi ni mtu wa hapa. Wa hapa hapa!” Akanigeukia, macho mekundu kama nyanya. “Lete hicho kitambaa chako, shemeji, kabla sijabadili nia.”

Bluu walipiga yowe kama wamefiwa.

Wiki ya sikukuu ilipofika, nilipeleka bendera mwenyewe. Grezzju aliitundika kwa mikono yake, na kila fundo alilifunga kwa tusi. Nilikaa naye pale juu kwenye roshani yake, kwa sababu mtu hapaswi kuachwa peke yake na jambo kama lile. Salvina alituletea maharage aliyoyapika kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Grezzju akala kimya sahani nzima, akaongeza nyingine, kisha akasema bila kunitazama, “Kule walikuwa wanatia na limau.” Nikateremka kutafuta limau.

Niliporudi, Bendi ya Bluu ilikuwa imeingia mtaani. Wakaja wakipiga kwa madaha, wakafika chini ya nyumba ya mwenyekiti wao, wakainua macho wapate saluti, wakaona nyekundu. Tarumbeta zikafa moja moja. Mpiga ngoma alipiga mara mbili peke yake, akaona aibu, akaacha. Mtaa mzima ukangoja.

Grezzju akasimama, kijiko mkononi, akainamia ukingo wa roshani.

“Mnatazama nini?” akanguruma. “Hamjaona mtu wa hapa akikaa kwake? Pigeni ngoma! Na wewe wa tarumbeta, unachelewa kama meli ya unga!”

Wakapiga. Walipiga vibaya sana, lakini walipiga, na yeye akarudi kukaa, akachukua limau mkononi mwangu, akalikamua lote.