Sabuni Kwenye Sahani ya Mshairi

Damaris alikuwa akipanga vikombe vya chai kwenye ukumbi wa hoteli moja ya Garhoud, Dubai, ndege zikipita juu ya paa kama kawaida yake, Waingereza waliokufa walipoanza kuingia. Waliingia kwa mlango wa mbele, karne baada ya karne, wakapewa beji. Kongamano lilimhusu mshairi mmoja wa Italia, wa zama za Mwamko wa Ulaya, na jinsi alivyowaathiri waandishi wa Kiingereza waliomfuata. Kwa kuwa wao ndio waliomfuata, waliwekwa meza za mbele.

Walikuwa wamenona mpaka vidole. Kila mmoja alivaa kipande cha joho moja la zambarau: huyu mkono, yule kola, mwingine vifungo tu. Profesa aliyekuwa jukwaani, ambaye bado alikuwa hai, alisema mshairi mkubwa ni kama kisima, huchotwa wala hapungui. Wafu wakampigia makofi kwa mikono iliyojaa mafuta ya kondoo.

Kisima chenyewe kilikuwa nyuma, kwenye mapipa ya taka. Damaris alimkuta huko alipokuwa akitoa mabaki. Alikuwa mzee asiye na joho, mbavu zote nje, amekalia kreti ya soda. Alimtambua kwa picha yake kubwa iliyotundikwa ukumbini.

"Umekula, mzee?"

"Sijala tangu nife."

Hoteli ile ilikuwa na kanuni: chakula kilichobaki humwagiwa sabuni ya vyombo kabla ya kutupwa, mfanyakazi asije akakionja. Damaris alikuwa akiifanya kazi hiyo tangu aajiriwe, na hakuizoea. Kuku mzima hajaguswa, kisha sabuni ya limau juu yake! Kwao Lugari, magharibi mwa Kenya, watu waliokota hata punje ya mahindi iliyoanguka mavumbini. Akaapa kwamba mzee huyu atakula sahani moja safi, liwalo na liwe.

Alifika mlangoni na biriani chini ya kitambaa. Muhanna, msimamizi wake, Mzanzibari aliyezaliwa hapo hapo Dubai, akamzuia.

"Wampelekea nani?"

"Sir, si ni huyu wanamsherehekea? Picha yake si iko hapo ndani? Hajakula tangu akufe."

"Namjua. Huja kila wakikutana hawa. Lakini hakualikwa, mwanangu. Walioalikwa ni wale waliokula kwake." Akamimina sabuni mwenyewe, bila hasira. "Khalas. Sasa mpe."

Mshairi alikula kwa adabu, akamaliza, akajipangusa ndevu. Kisha, kwa kuwa enzi zake mlo ulilipwa kwa shairi, akaghani. Kila neno lilitoka kinywani limo ndani ya kiputo cha sabuni. Viputo vilipanda, vikaingia ukumbini kwa dirisha. Wafu waliacha uma zao, wakarukiana kuvidaka na kuvimeza. Yule wa vifungo alimeza vitatu kwa mpigo, akacheua, kisha akasimama na kuyaghani maneno yale yale kwa Kiingereza. Profesa akasema huo ndio ubunifu halisi.

Damaris alichukizwa na midomo ile, na makofi yale, na harufu ile ya limau. Kufa kufaana, walisema wahenga, lakini wahenga hawakusimama pale na trei mkononi.

Muhanna alirudi akitabasamu. "Wageni wamefurahi mno. Wataka tena kesho."

Kesho yake Damaris alikuja na kopo lake la chakula kutoka kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah. Ndani mlikuwa na ugali na sukuma wiki alizopika mwenyewe alfajiri kabla ya basi la kampuni. Hiki hakikuwa chakula cha hoteli, na kanuni haikukigusa. Mzee alikuwa ameshakaa kwenye kreti. Karibu naye alisimama Muhanna, chupa ya sabuni mkononi.

"Sir, hii ni yangu."

"Najua ni yako. Hata visa yako najua iko kwa nani." Akamnyooshea chupa. "Yalla, Damaris. Watu wanangoja."

Damaris alitazama juu. Dirishani, wafu walikuwa wameshasogeza viti, wamekaa vinywa wazi.

Akaimimina sabuni juu ya ugali wake. Mzee alilipokea kopo kwa mikono miwili, akamshukuru.