Kabati la Dada Mkubwa

Walimwita Fundi Chakavu kwa sababu mbao mpya hakuzitaka. Kitanda kilichotupwa, meza iliyovunjika mguu, dawati lililooza upande mmoja, vyote viliishia kwenye karakana yake na kutoka vikiwa stuli au rafu. Mbao mpya ni kama mkwe mpya, alizoea kusema, hujui itapinda lini.

Dada yake mkubwa, aliyemlea, alipofariki hakulia. Msibani alipanga viti, na watu walipotawanyika akavirudisha kwa wenyewe. Shangazi yao alisema kilio kimemkaa kooni, kitatoka chenyewe. Hakikutoka.

Wiki ya tatu mpwa wake, binti wa marehemu, alimpigia simu. Walikuwa wanasafisha chumba cha mama yao ili wakipangishe, kabati limeshatolewa nje, na gari la taka lingepita kesho yake. Binti hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu mjomba ajue. Fundi akaazima mkokoteni akaenda.

Kabati lilikuwa limeegemezwa ukutani, mlango mmoja ukining'inia. Ubao wa nyuma mchwa walishaumaliza.

"Mjomba, hili ni la kuni tu," mpwa alisema.

Fundi akakwangua rangi kwa patasi. Chini yake kukatokea wekundu.

"Ni mninga," akasema.

"Mama angejua, angeliuza zamani."

"Alijua."

Karakanani alianza na misumari. Msumari wa zamani hauna haraka. Ukiulazimisha, kichwa kinakatika, mwili unabaki ndani, na siku moja utakuvunjia meno ya msumeno. Aliigonga kwa nyuma, mmoja mmoja, kisha akaivuta kwa koleo. Ilimchukua siku mbili. Alikula alipokumbuka kula.

Alipopiga randa kwenye mbao za droo ya kabati, harufu ya sabuni ya mche ikapanda. Dada yake alikuwa akiweka vipande vya sabuni katikati ya nguo. Fundi alisimama, randa mkononi, akasubiri, kama mtu anayesubiri chafya. Haikuja. Akaendelea na randa.

Jirani yake, mshona viatu, alikuja kuuliza anatengeneza nini. Benchi, alimjibu. La nani? La zahanati.

Miezi ile ya mwisho alikuwa akimpeleka dada yake zahanati kila wiki. Barazani palikuwa na benchi moja, limevunjika, kwa hiyo dada alisimama kwenye foleni akimwegemea begani. Hakulalamikia maradhi. "Ugonjwa naujua, ni wangu," alimwambia mara moja. "Huku kusimama ndiko kunakonionea." Na yeye, fundi mzima, kila wiki aliahidi kulitengeneza benchi lile wiki ijayo.

Hayo hakumsimulia mshona viatu. Alimwomba tu amshikie ubao upande wa pili wakati wa kupaka gundi.

Benchi lilipokauka alilipeleka. Muuguzi aliuliza nani amelilipia, Fundi akasema hakuna. Muuguzi akataka kujua liandikwe jina gani mgongoni. Hakuna, akasema tena. Kisha akaketi kulijaribu. Halikuyumba.

Mama mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji akaja, akamwomba asogee kidogo. Akasogea. Mama akapitisha kiganja juu ya ubao.

"Wametuletea jipya."

"La zamani hilo."

"Halionyeshi." Akaunyoosha mguu wake, akashusha pumzi. Baadaye akamgeukia. "Na wewe baba, unaumwa nini?"

Fundi akafikiri.

"Sijajua bado," akasema.

Mama akatikisa kichwa kama aliyesikia jibu la kawaida, akamshauri asiondoke, daktari wa leo ana subira na watu. Basi Fundi akabaki pale. Foleni ilisogea, naye akasogea nayo, mpaka muuguzi alipomwashiria kuwa sasa ni zamu yake. Ndipo akainuka, akamwachia aliyemfuata nafasi, akashika mkokoteni wa kuazima akaondoka.