Koti la Taqulik

Mimi si mtu wa ndege. Ndege kwangu ni supu. Bata wakipita juu ya kichwa changu mwezi wa Mei naona sufuria, na mpaka leo sielewi kwa nini mtu mzima asafiri siku mbili kuja Nuvuk, ncha ya mwisho kabisa ya kaskazini ya nchi yetu, asimame juu ya changarawe wiki nzima na baridi ya Oktoba ikimng'ata masikio, eti anamsubiri shakwe mwenye kifua cha rangi ya waridi ambaye wala haliwi.

"Ana nyama kiasi gani huyo shakwe wenu?" nilimuuliza Clifton siku ya kwanza. Clifton alikuwa daktari wa meno mstaafu, miaka sabini na tisa, na ule ulikuwa mwaka wake wa tatu kuja kumkosa.

"Ya kujaza kijiko, Bi Bertha."

"Basi umepotea njia, mzee wangu. Rudi kwako ukachinje kuku."

Alicheka mpaka darubini yake ikatikisika kwenye miguu yake mitatu. Nilimpenda tangu hapo.

Kazi yangu ilikuwa bunduki. Rutger, kiongozi wa msafara, alijua ndege. Mimi nilijua dubu. Mifupa ya nyangumi tunaovua hutupwa karibu na Nuvuk, dubu weupe huifuata, kwa hiyo wageni hawasimami pale bila mwenyeji mwenye silaha. Wageni wetu sita walitazama bahari, nami nilitakiwa kuwalindia migongo. Ndivyo Rutger alivyodhani. Ukweli ni kwamba niliomba kazi ile kwa ajili ya darubini zao. Zinaona mbali kuliko kitu chochote nilichonacho, na kila mtu alipokwenda kunywa chai garini, mimi niliinama nikachungulia upeo wa bahari kumtafuta mwanangu.

Mwezi wa Mei barafu ya baharini ilikatika naye akiwa juu yake, ikaelea naye. Alikwenda kuwinda bata, upepo ukageuka, ukungu ukashuka. Helikopta zilizunguka siku tisa, hatukupata hata glavu. Watu wakaja nyumbani na vyakula, wakaongea kwa sauti za chini kama watu wa msibani, nikawatoa wote nje. Niliwaambia mwanangu hajafa, amechukuliwa. Na sikuwa nimerukwa na akili. Baba yangu naye alichukuliwa na barafu nikiwa na miaka saba. Walishagawana mpaka mikuki yake. Bahari ilipoanza kuganda vuli ile, akatokea kwa miguu kutoka upande wa Nuvuk, amebaki mifupa, anauliza kama kuna chai.

Mzee huyo alipokufa baadaye, jina lake, Taqulik, nilimpa mwanangu. Kwetu ukipewa jina la mtu, wewe ndiye mtu huyo, na watu wote watakuita walivyomwita yeye. Kwa hiyo mtoto niliyemzaa mwenyewe nilimwita Baba. Nilimbadili nepi nikimwita Baba. Siku moja nilimzaba kofi kwa kuiba peremende, kisha nikamwomba Baba msamaha. Sasa, Taqulik aliyerudi mara moja kwa nini asirudi tena? Hiyo ndiyo hesabu yangu, na sikutaka mtu anisahihishie.

Tatizo lilikuwa mtoto. Verna, mke wa mwanangu, aliachwa na mimba ya miezi mitano, na katikati ya Septemba alijifungua mvulana.

"Mama, mtoto anataka jina lake," aliniambia.

"Mpe lolote. Majina yamejaa tele."

"Unajua analotaka."

Nilijua. Mtoto alilia mchana kutwa na usiku kucha, na mji mzima ulijua kwa nini. Nesi alisema ni gesi tumboni, lakini nesi ni mgeni. Mtoto wa namna ile hatulii mpaka aitwe jina linalomtafuta, na mimi ndiye mkubwa wa nyumba, kumwita mara ya kwanza ni kwangu. Ila jina lile bado lilikuwa na mwenyewe. Kumwita yule mtoto Baba kungekuwa kumzika mwanangu kwa mdomo wangu. Nikakataa katakata. Nikasema tusubiri bahari igande.

Kuna jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Mwanangu aliondoka na koti jepesi. Koti lake la manyoya, nililomshonea mwenyewe, lenye utepe wa miraba myeusi na myeupe wa ukoo wetu kwenye pindo, alikuwa ameniletea nimshonee ukosi ulioachia upande mmoja. Kazi ya nusu saa. Likakaa kitini wiki mbili, mimi niko kwenye mchezo wa bingo. Alipopita kulichukua nikamwambia, "Njoo kesho, Baba." Akanibusu utosini, akaenda zake. Baadaye nililikunja nikampelekea Verna vilevile, ukosi unaning'inia, maana sindano sikutaka hata kuiona.

Siku ya tano upepo wa magharibi ukaja na nguvu. Rutger alikuwa hatulii, anatembea huku na huku akisugua viganja. "Leo watapita," akasema. "Mtu asiondoe jicho baharini."

Clifton mgongo ulikuwa unamuuma. Akageuza darubini upande wa ufuko apumzike kidogo, kisha akaniita. "Bi Bertha, kule kuna mtu anatembea peke yake. Si hatari, na hawa dubu?"

Nikainama nikatazama. Mtu alikuja kwa shida, ameinama mbele, mgongoni ana mzigo. Kofia ya koti imemfunika uso. Nikaona miraba myeusi na myeupe kwenye pindo. Nikaona ukosi umeachia upande mmoja, unapepea.

Koti lile nililikunja kwa mikono yangu. Nilijua lilipo. Lakini wakati ule sikuwa na akili, nilikuwa na macho tu. Nilitupa bunduki chini, nikawaacha wageni sita wa watu katikati ya dubu, nikatoka mbio. Nina miaka sitini na tatu na goti bovu. Nilikimbia nikiita Baba, Baba, kwa sauti yote niliyojaliwa. Nilianguka, nikainuka, nikaita tena. Furaha niliyokuwa nayo katika mbio zile sijawahi kuipata, na sitaipata tena.

Yule mtu akasimama. Akavua kofia ya koti, akawa Verna.

Macho yalikuwa yamemvimba kwa kukosa usingizi. Kwetu mtoto hubebwa mgongoni ndani ya koti, na koti lake mwenyewe lilimbana, ndiyo maana alivaa la mumewe. Pikipiki yake ya magurudumu manne ilikuwa imenasa kwenye mchanga, akaja kwa miguu.

"Umepita kwenye dubu na mtoto mgongoni?" nilimwambia. "Una wazimu wewe?"

"Siwezi tena, mama. Nimekuja umwambie mwenyewe kwamba humtaki, labda atanyamaza." Kisha akainua mkono. "Ngoja. Sikiliza."

Nikasikiliza. Upepo na mawimbi tu.

Verna akalegeza mkanda kiunoni, akamzungusha mtoto kutoka mgongoni mpaka kifuani. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, makavu, yananitazama.

"Umemwita," Verna akasema.

"Sikumwita yeye."

"Amelia njia nzima, mama. Ulipoita mara ya kwanza, akanyamaza."

Nikaketi kwenye changarawe. Nilimchukia yule mtoto. Naona haya kusema, lakini kwa dakika nzima nilimchukia, amejilaza mle ndani ya koti la mwanangu, ametulia kama aliyefika kwake. Nikatazama bahari. Ilikuwa maji matupu, na nikajua kwamba mwanangu yumo humo na hatoki.

Clifton akafika akihema, bunduki yangu mikononi, amesimama kati yetu na mifupa ya nyangumi, bahari ameipa kisogo. Nyuma yake shakwe walikuwa wanapita juu ya mawimbi, mamia kwa mamia, vifua vyao vya waridi kweli. Kule mbali Rutger alikuwa anatupungia mikono.

"Ndege wako hao, mzee," nikamwambia.

"Wapite tu." Hakugeuka. "Nimeishika sawasawa hii?"

"Umeishika kama mswaki."

Verna akanikabidhi mtoto. Alikuwa wa moto, mwepesi. Verna alipoinama, ukosi ule ukaniangukia mkononi, na uzi uliokatika ulikuwa bado unaning'inia pale pale.

"Baba," nikamwambia mtoto, "nisamehe. Sikulishona koti."

Akapiga mwayo, akalala, nami nikalia kwa sauti mpaka Verna akanishika mabega.