Kipimo cha Marehemu Baba

Muuguzi alirudi kutoka zamu ya usiku miguu imemvimba ndani ya viatu, na badala ya kwenda kitandani akafungua boneti ya gari. Kitanda kingengoja. Jicho la mama yake lisingengoja. Leo saa nane mchana mama alikuwa atolewe mtoto wa jicho, siku waliyoisubiri miezi saba, na karani wa hospitali alishasema kwa simu kwamba anayechelewa anarudi mwisho wa foleni. Teksi na mabasi vilikuwa kwenye mgomo tangu jana. Lililobaki ni hili gari, ambalo wiki ile lilikuwa limezimika njiani mara mbili.

Betri ilikuwa imelala kwenye chaja usiku kucha. Akaifunga mahali pake, akatoa mita aliyoazima kwa fundi umeme wa hospitali. Fundi alimfundisha akiwa juu ya ngazi, bila kuacha kazi yake: betri ni mtungi, altaneta inayoichaji ndiye mchota maji. Injini ikinguruma, mita isome volti kumi na nne. Ikisoma kumi na mbili, ujue gari linakula akiba.

Akawasha. Kumi na mbili nukta tatu.

"Unakula akiba," aliliambia gari. "Kama mimi tu."

Akazima, akaubonyeza mkanda wa altaneta kwa kidole gumba: umekaza. Fyuzi: nzima. Akawasha tena, safari hii akapima nyuma ya altaneta yenyewe, kwenye nati ya waya mnene. Kumi na nne na nusu. Akarudia, maana macho yaliyokesha si ya kuaminiwa. Ikasoma vilevile. Kumbe mchota maji hakuwa na kosa. Maji yalikuwa yanamwagika njiani.

Akazima gari, akafungua betri, akaufuata ule waya kwa vidole kama mtu anayetafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa mnene. Chini ya kisanduku cha fyuzi akakuta kiungo kimelegea, kutu ya kijani imekivaa. Akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, akakikaza kwa spana, akarudisha betri, akawasha. Kumi na nne nukta moja, kwenye betri kabisa.

Hakushangilia. Kushangilia nako kunataka nguvu.

"Limepona?" mama aliuliza mlangoni, mkono kwenye fremu, uso umeelekea upande usio na gari.

"Limepona, mama. Naliacha lingurume kidogo lijaze betri."

"Basi kajinyooshe, mwanangu."

"Nikijinyoosha sasa mtaniamsha kwa winchi."

Alikuwa ananawa mikono bombani kaka yake alipofika kwa miguu, shati limepigwa pasi. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitatu na hakuwahi kumruhusu aisahau hata mmoja.

"Nani kalitengeneza?"

"Mimi. Waya ulikuwa umelegea."

"Umelipima?"

"Kwa mita."

"Mita." Alilitema neno lile kama kokwa. "Baba aliendesha lori miaka ishirini, mita aliijulia wapi? Unachomoa kichwa cha waya wa betri injini ikinguruma. Isipozima, altaneta nzima. Basi."

"Kaka, usiguse. Lori la baba lilikuwa la kizamani. Hili—"

"Unanifundisha kazi ya baba yangu?"

"Ni baba yangu pia."

Lakini mkono ulishafika. Kichwa cha betri kikatoka. Injini ikaruka, taa za dashibodi zikang'aa kuliko kawaida, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda.

"Unaona?" kaka alisema akirudisha kichwa. "Bado linanguruma."

Muuguzi alifuta mikono kwenye sketi, akaweka mita. Kumi na mbili na nusu. Akasubiri. Kumi na mbili nukta nne. Kwenye dashibodi taa nyekundu ya betri ilikuwa imewaka.

Akamwonyesha mita. Maneno yote alikuwa ameyamaliza wodini. Kaka aliitazama namba, akaitazama mikono yake, na kola ile iliyopigwa pasi ikaanza kulowa.

"Mlete mama," muuguzi alisema hatimaye. "Tunaondoka sasa hivi. Halizimwi tena. Hakuna redio, hakuna feni. Tutafika kwa kilichomo ndani ya betri."

Njiani kaka alikaa mbele, nyaya za mita amezichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, anasoma kwa sauti ndogo. Kumi na mbili. Kumi na moja nukta tisa.

"Mbona kimya?" mama aliuliza kutoka nyuma. "Mnanipeleka kutibiwa au kuzikwa?"

"Nimeunguza altaneta, mama," kaka alisema. "Nimepima kama baba."

Mabega ya mama yakaanza kumcheza kwa kicheko.

"Baba yenu alipima hivyo miaka yote. Na miaka yote alilala njiani. Mnadhani zile siku ambazo hakurudi alikuwa wapi? Alikuwa ndani ya lori bovu, analaani wenye kuuza vipuri."

Kaka akageukia dirisha. Kwenye foleni ya magari feni ya rejeta ikajiwasha yenyewe, na namba zikashuka kama mtu aliyekosa ngazi. Kumi na moja na nusu. Kumi na moja.

Gari lilikata roho hatua mia mbili kabla ya lango la hospitali. Ilikuwa saa tano na nusu.

Kaka akashuka, akamfungulia mama mlango, akamshika mkono mpaka akasimama vizuri. Kisha akakunja mikono ya shati.

"Nendeni. Nitalisukuma pembeni."

Muuguzi akampitisha mama mkono kiunoni. Walikuwa wamekwenda hatua chache kaka aliposema nyuma yao, polepole, kama mtu anayeomba maji nyumba ya ugenini:

"Dada. Ule waya ulijuaje kwamba ndio wenye shida?"

"Nitakueleza," alisema bila kugeuka. "Nikiamka."