Wifi Wawili, Goli Moja

"Wifi," Komeo aliuliza huku akivuta soksi, "hivi juzi tulishinda?"

Spea alikuwa ameinamia begi lake. Hakuinuka upesi. Alijifanya anatafuta glavu ambazo tayari alikuwa amezishika, maana uso wa mtu aliyeshtuka haujui kudanganya.

"Tusingeshinda tungekuwa tunavaa jezi hapa kwenda wapi?" alisema mwishowe. "Leo fainali, mke wa kaka. Au unanipima akili?"

"Nakutania bwana."

Komeo akacheka, lakini kicheko chenyewe kilichelewa kufika.

Wawili hawa walikuwa makipa wa timu ya taifa ya wanawake, wamekuja kwenye mashindano ya nchi za kanda yao. Komeo ndiye aliyekuwa kipa wa kwanza. Jina alipewa na mashabiki, kwa kuwa akifunga mlango umefungwa. Mwenzake walimwita Spea, kama gurudumu la akiba: kila safari yumo, barabara haionji. Na juu ya hayo yote Komeo alikuwa ameolewa na kaka yake Spea, jambo ambalo timu nzima ilikuwa ikilifaidi. "Wifi kumweka wifi benchi," walikuwa wakiimba kwenye basi, "huo ni ukoo au ni vita?"

Spea aliimba nao. Kusema kweli benchi lilimkaa vizuri kama kiti cha nyumbani kwao. Mazoezini alidaka hata nzi, ila siku ya mechi, watu wakijaa majukwaani, alitamani kujificha chini ya benchi. Kila mashindano alikuwa na dua moja tu, Komeo asiumie.

Na sasa Komeo alikuwa ameumia.

Ilikuwa juzi, nusu fainali ikielekea ukingoni. Komeo aliruka kufuata krosi, kichwa kikakutana na nguzo ya goli. Spea aliusikia mlio wake vizuri sana, maana wachezaji wa akiba walikuwa wakipasha misuli nyuma ya goli hilohilo. Ulikuwa kama mlango uliobamizwa na upepo. Daktari wa timu akaanza kukimbia kutoka upande wa pili wa uwanja. Daktari huyu alikuwa na maswali yake, yaleyale miaka yote, kwa kila kichwa kinachogongwa: kipindi cha ngapi hiki, tuna mabao mangapi, nani kafunga la mwisho. Timu nzima iliyajua kama sala.

Spea alimwona wifi yake anamtazama kwa macho yasiyo na mtu ndani. Hapo ndipo alipokosea. Hakukiwaza kichwa cha mwenzake. Aliwaza namba yake mwenyewe ikiinuliwa kwenye ubao. Akausogelea wavu, akanong'ona: "Kipindi cha pili. Tunaongoza moja bila. Kafunga nahodha."

Komeo akayameza maneno hayo, na daktari alipopiga magoti akayatema moja moja. Akasimama. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Kesho yake daktari alipita chumbani na maswali yaleyale kuhusu mechi ile, akakuta Spea ameshamkaririsha mwenzake majibu. Alipotoka, wifi wawili wakagonganisha viganja kama wanafunzi walioibia mtihani.

Sasa hivi, kwenye chumba cha kuvalia, hakuna aliyekuwa akicheka. Komeo alivaa kofia ya jua, akaishusha mpaka kwenye nyusi, ingawa walikuwa bado ndani. Asubuhi hiyo kaka yake Spea alikuwa amepiga simu, akampa mtoto azungumze. "Mama, jino limetoka! Shangazi, umesikia? Limetoka na damu!" Wote wawili walikuwa wameinamia simu moja, wakamcheka mpaka machozi. Kaka mtu akamalizia, "Dada, nitunzie mke wangu huyo."

"Huyu ni ukuta," Spea alikuwa amejibu. "Nani anatunza ukuta?"

Wakatoka uwanjani kupasha misuli. Siku ya mechi kazi ya kipa wa pili ni hiyo, kumrushia wa kwanza mipira mpaka viganja vipate moto. Mpira wa kwanza Komeo akaudaka. Wa pili mikono yake ilifumba hewa, pembeni kidogo, mpira ukampiga kifuani.

"Jua," alisema, akaivuta kofia.

Wa tatu vilevile. Spea akabaki na wa nne mkononi.

Kisha Komeo akaenda kuchora mstari wake. Makipa wengi wana desturi hii: kwa kisigino wanakwaruza mstari kuanzia katikati ya goli kwenda mbele, ili wakati wa purukushani wajue nguzo ziko wapi bila kugeuka. Komeo akakwaruza wake, ukanyooka. Akarudi golini, akakwaruza mwingine kando ya ule. Halafu akasimama kuitazama mistari yake, ametulia kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja wa nyumba.

"Wifi," Spea alisema taratibu, "mbona umechora mara mbili?"

Komeo akatazama chini. Midomo ikamcheza.

"Punguza sauti. Tangu juzi naona mipira miwili, basi. Nimeshaizoea. Nadaka wa ndani, wa ndani ndio wa kweli."

"Na ukikosea?"

"Nitadaka wa nje."

"Mke wa kaka, hilo si la utani."

"Nisikilize." Alimshika mkono, vidole vikamwingia nyamani. "Miaka yote nadaka, fainali nimeipata uzeeni. Ukifungua mdomo watasema nini? Wifi kamchoma wifi apate namba. Hata kaka yako atasema hivyo. Unataka kusimama wewe hapo? Wewe?"

Lilikuwa swali la kisu. Akaitazama milingoti, akaona goli pana kama mdomo wa mamba. Upande wa pili wapinzani walikuwa wakipasha moto, na mshambuliaji wao mmoja mrefu alikuwa akipiga vichwa, kila krosi anaingia mzimamzima, viwiko mbele. Kichwa kile kikigongwa tena? Akasikia sauti ya mtoto: Shangazi, umesikia?

Miguu ikampeleka mpaka benchi, yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama ndiye anayeiongoza.

"Daktari, Komeo hayuko sawa."

"Nimemuuliza mara mbili, amejibu yote."

"Amejibu yangu. Nilimfundisha mimi." Akamsogelea. "Muulize nisilomfundisha. Muulize mwanawe kamwambia nini asubuhi."

Daktari alimkazia macho kidogo, kisha akamwita Komeo kwa mkono. Komeo alikuja anatabasamu, kocha naye akasogea. Daktari akaivua ile kofia polepole, akatazama jicho moja, akatazama la pili.

"Asubuhi mwanao alikuambia nini kwenye simu?"

Komeo akageuza shingo kumtazama Spea. Alimtazama vilevile kama siku ile kwenye wavu, anangoja alishwe. Spea akauma meno, macho akayashusha kwenye nyasi.

"Kipindi cha pili," Komeo alisema polepole. "Tunaongoza moja bila. Kafunga nahodha."

Mechi ilikuwa haijaanza.

"Spea, vua traksuti," kocha alisema.

Wakamkalisha Komeo kwenye machela. Alipopitishwa alimshika Spea jezi. "Umefurahi sasa?" Nyuma mtu akanong'ona, si kwa siri sana, "Wifi ni wifi tu." Gari la wagonjwa likatoka getini taratibu, bila kelele, kama linalokwenda sokoni. Spea alijishikiza kwenye ukimya ule. Pengine ni kupumzika tu. Pengine nimezusha.

Akaingia golini. Mistari miwili ilikuwa bado pale. Aliufuta wa pembeni kwa kiatu, lakini alama yake ikagoma kufutika. Filimbi ikalia.

Wapinzani walikuwa ndio kwanza wamevuka nusu ya uwanja, mpira uko winga, ndipo huko barabarani king'ora kikaanza ghafla. Hakiwashwi kwa mtu anayepumzika. Spea akageuza kichwa upande wa sauti.

"Kipa!" nahodha alipiga kelele. "Kipa, mbele!"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Krosi ilikuwa imeshapigwa, na yule mrefu anakuja, viwiko mbele, kuelekea nguzo. Mpira ulikuwa mmoja.

Akaruka. Hata hewani bado alikuwa akikisikia king'ora.