Kivuli Kilicholetwa kutoka Moroni

Alasiri ya Jumatatu Loutfia alivua viatu mlangoni mwa makumbusho, akaviegemeza ukutani, akaingia. Makumbusho yenyewe yalikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mke wa Moinaidi, nyuma ya msikiti, hapo Mutsamudu. Moinaidi alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye meli ya Wajapani ya kuvua jodari, akarudi na upanga, viatu vya majani makavu, na Kurobe mwenyewe, mpiga upanga wa hadithi ambaye hakuwahi kushindwa. Kurobe alikaa ndani ya kabati la kioo. Saa za joto alitoka kunywa chai.

"Karibu, mama. Usiguse kioo, nimekifuta sasa hivi," alisema Moinaidi.

Loutfia hakuja kutazama. Kisiwa chao cha Ndzuani kilikuwa kimejitenga na Komoro, na Aprili ya mwaka uliopita watu wa Moroni waliwageukia Wandzuani waliokaa kwao. Jirani yake huko Moroni, Fayçal, aliyefuturu kwa chungu cha Loutfia kila Ramadhani, ndiye aliyewaonyesha vijana mlango wa Loutfia. Walimtoa na nguo alizovaa. Jioni ile ile Fayçal akahamia ndani. Nyumba hiyo baba yake Loutfia alimjengea yeye, kama akina baba wa visiwa hivi wanavyowajengea binti zao. Sasa alilala chini ya ngazi kwa dada yake, ufunguo shingoni, na chuki ikimuuma kama jino bovu.

"Fundi," alimwambia Kurobe, "nenda Moroni. Mkate anayeimiliki nyumba yangu."

"Nimkate nini?"

"Kitu kisichoota tena."

Meli hazikuvuka kwa sababu ya vikwazo walivyowekewa Wandzuani, hivyo Kurobe alikwenda kwa miguu juu ya bahari, viatu mkononi visije vikalowa. Alirudi Alhamisi na kivuli kimekunjwa kwapani.

Loutfia alikikunjua sakafuni. Kilikuwa chembamba, kichwa chake kimesukwa mabutu ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiyasuka kila mkesha wa Idi.

"Huyu ni Rahmati, bintiye. Mimi nilimtaka baba!"

"Ulisema anayeimiliki. Nimeuliza mtaani, wakaniambia nyumba amepewa binti, ataolewa humo."

Loutfia aliyafuata mabutu kwa kidole. Yeye, aliyepewa nyumba na baba yake, hasira ilimsahaulisha kwamba Fayçal naye ana binti.

"Nikirudishe?" Kurobe aliuliza.

"Hapana."

Harusi kuu ya Rahmati ilifanyika wiki iliyofuata, katika nyumba ya Loutfia. Bibi harusi alitolewa juani bila kivuli, akapigiwa vigelegele, na shangazi mmoja akasema hivyo ndivyo anavyopendeza zaidi. Fayçal, sasa mtu wa heshima mjini, alikaa mstari wa mbele kwenye uwanja wa wazee, akapokea fungu lake la nyama.

Huko Mutsamudu, Loutfia alikitundika kivuli uani kwa dada yake, kwa kuwa pale hapana mti. Mchana hukaa chini yake na ufunguo wake, akimlaani Fayçal. Ni kivuli cha msichana mwembamba, hakimfuniki mpaka miguuni.