Nani Aondoke Kwanza

Nilituma maombi arobaini na matatu kabla sijapata jibu la maana. Wengine hawakujibu kabisa. Wengine walijibu kwa adabu nyingi hata nikadhani nimekubaliwa, nikafurahi peke yangu chumbani, kisha nikasoma tena na kuona nimekataliwa. Kampuni moja ilitaka mwanafunzi wa kujifunza kazi mwenye uzoefu wa miaka miwili. Nikakuna kichwa. Kama ningekuwa na uzoefu huo, ningekuja kwenu kujifunza nini?

Mambo yenyewe yalikuwa mafundo matupu. Mimi ni mwanafunzi mgeni, nasomea uhandisi wa maji, na bila miezi sita ya mafunzo kazini siruhusiwi kuingia mwaka wa mwisho. Nisipoingia, kibali cha kukaa kinakwisha na narudi nyumbani mikono mitupu. Kibali hichohicho kinanikataza kufanya kazi zaidi ya saa ishirini kwa wiki, ukizidisha, kinafutwa. Yaani nitafute kazi kwa udi na uvumba, halafu nikiipata niifanye kidogokidogo.

Hatimaye karakana moja ya kupima mita za maji ilinipa majaribio ya wiki mbili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Nikifanya vizuri, Ijumaa ya pili msimamizi angesaini fomu ya chuo, na miezi sita ingekuwa yangu. Msimamizi alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Mafundi wengine walishinda mitaani wakifungua mita mbovu, kwa hiyo mle ndani tulikuwa wawili tu.

Kazi niliielewa siku ya kwanza. Unafunga mita kwenye bomba, unapitisha lita mia, unalinganisha namba ya mita na ya tangi, unaandika daftarini pamoja na saa uliyopima. Kilichonishinda kuelewa ni yule mama.

Saa sita ilipofika, nilisubiri aondoke. Nimelelewa na mama mdogo, na kwake mdogo haondoki akamwacha mkubwa amekaa. Basi nikakaa. Mama naye akakaa. Akatazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akafungua faili alilokuwa ameshalifunga. Nikasema moyoni, aha, ananipima huyu. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta mita niliyokwisha kuifuta. Saa nane akapiga miayo, akasema, "Haya, tufunge." Nikatoka nyuma yake, nikapitisha kadi yangu kwenye mashine ya mlangoni.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Njaa iliniuma hadi naona mita mojamoja zimekuwa mbilimbili. Huyu mama hana kwake? Au ndivyo wanavyofanya kazi watu wa huku, na mimi ndiye nisiyejua? Nikampigia simu mama mdogo.

"Mama mdogo, bosi wangu haondoki."

"Nawe usiondoke! Unataka akuone una haraka ya kwenda wapi?"

"Lakini kibali kinasema saa ishirini."

"Kwani kukaa ni kazi? Kaa, mwanangu. Nani aliwahi kufukuzwa kwa sababu ya adabu?"

Nikaona ana hoja. Kwetu kumsubiri mkubwa hakuitwi kazi.

Ijumaa ya pili, saa sita kasoro dakika kumi, mama aliniita mezani kwake. Mbele yake palikuwa na fomu yangu na karatasi ya saa iliyotolewa kwenye mashine. Uso wake ulikuwa mzito.

"Kijana, fomu inasema usizidi saa ishirini. Wiki iliyopita una thelathini, na hii haijaisha tayari zinakaribia ishirini na nane. Niandike nini hapa?"

"Lakini mama, kazi nilikuwa namaliza kabla ya saa sita."

"Sasa saa mbili zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakusubiri uondoke."

Akavua miwani. "Unanisubiri mimi?"

"Ndiyo, mama. Siwezi kuondoka nikakuacha umekaa. Wewe ni mkubwa wangu."

Alinitazama mpaka nikaona aibu. "Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe," akasema. "Mwanafunzi haruhusiwi kuachwa peke yake na mitambo. Na kukufukuza niliona vibaya. Nikasema, mgeni huyu, labda hana pa kwenda."

Nikaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Baba yangu yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hapo mtaa wa pili. Chakula chao ni saa sita na nusu. Hatambui mtu tena, lakini nikimlisha mimi anakula. Wiki mbili hizi amelishwa na wauguzi, na sahani inarudi na nusu ya chakula."

Kicheko kilinikauka. Wiki mbili nzima nimejisifu kwamba namheshimu mkubwa, kumbe namzuia asimhudumie mkubwa wake.

Akavuta daftari la vipimo, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Mita ya mwisho ya kila siku ilikuwa imeandikwa kabla ya saa sita, kwa mwandiko wangu. Akatoa nakala za kurasa zote, akazibana na fomu, akaandika saa ishirini kwa kila wiki, akasaini.

"Kazi uliyofanya ni hii. Wakiuliza habari za kadi, waniulize mimi. Jumatatu njoo."

Nikaipokea fomu kwa mikono miwili. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Yeye akasimama, mkoba begani, funguo mkononi, akangoja. Nami, Mungu anisamehe, miguu ilikataa.

"Tangulia, mama."

"Siwezi kufunga ukiwa ndani," akasema. "Mwanangu, nakuomba. Toka."

Nikatoka mbele yake bila kugeuka. Nyuma yangu ufunguo ulizunguka mara moja, kisha akanipita njiani akikimbia, mkoba ukimpigapiga ubavuni.